Nilivyoachana na tramadoli: kisanduku cha mninga, shangazi na kijana wa msasa

Kuna watu nikikutana nao hadi leo damu inachemka, na si wauza pombe. Ni wale walionishauri mguu wangu ulipokuwa umefungwa. "Kunywa tu fundi, hizo ni dawa za hospitali, si Konyagi." Wa kwanza kusema hivyo alikuwa jirani, akafuata shemeji yangu, na anayeniuma zaidi ni mwenzangu wa kikundi chetu cha kuacha pombe, mtu mwenye miaka mingi hajagusa glasi. Alisema dawa ya daktari haihesabiki. Baadaye akaja mwingine wa kikundi hicho hicho na lake: nimeshavunja, nianze kuhesabu upya, na vidonge vyote nivimwage chooni usiku huo huo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea udaktari. Yule wa "haihesabiki" alinichelewesha. Yule wa "mwaga chooni" nusura anizike.

Ya pombe nayapita haraka, maana hadithi za walevi zinafanana. Mimi ni seremala, Keko, Dar es Salaam, vitanda na makabati. Nilikunywa tangu ujana. Serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali, Machi 2017, nyumbani kwangu walishangilia. Mimi nikahamia chupa, shangwe ikaisha. Mwisho wa yote niliacha, nikatulia, nikanenepa, nikawa natoa ushuhuda mbele za watu. Nilikuwa na yale maringo ya aliyeacha pombe, unajua, ya kumwangalia kila mwenye glasi kwa huruma.

Halafu bodaboda ikanivunja paja. Wakaniwekea chuma. Mfupa wa paja si maumivu ya kuambiwa pole, na asije mtu akasema hapa nawakataza wagonjwa dawa. Bila zile kapsuli nisingelala. Ila hakuna aliyeniuliza kuhusu pombe, na mtu aliyelala wodini na chuma pajani haanzi kujitangaza kuwa mlevi mstaafu.

Kapsuli zenyewe ni tramadoli, miligramu 50 kila moja. Ni ya ukoo mmoja na mofini, ingawa yenyewe ina nguvu ndogo. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa haishiki watu kama ndugu zake. Ini ndilo linaloigeuza kuwa kitu kikali zaidi, na maini ya watu hayalingani, ndiyo maana kapsuli mbili zinamlaza huyu na yule hazimfanyi lolote. Mimi zilinifanya. Zilinipa utulivu wa glasi ya pili. Mlevi yeyote anajua ninachosema: glasi ya kwanza ni kiu, ya tatu ni fujo, na ile ya pili ndiyo tuliyoitafuta maisha yetu yote. Hapa niliipata bila harufu mdomoni, bila kupepesuka, mama watoto akininusa kila jioni kwa mazoea na kukuta nanukia vanishi tu.

Cheti kiliisha, mfupa ukaunga, mimi nikaendelea. Kuna duka la dawa hawakuniuliza cheti, nikawa mteja wa kudumu. Bei ilipanda kadiri walivyonizoea. Ilianza kama nauli ya daladala, ikafika mahali nauza mabaki ya mbao kuilipia. Na bado kikundini nilisimama nikihesabu miezi yangu ya kuacha pombe, napigiwa makofi, mfukoni nina karatasi ya kapsuli.

Yule wa "mwaga chooni" alinikuta katika hali hiyo. Nilimwaga. Nikajifungia chumbani nikiwa na nia kabisa, nimenunua na machungwa.

Jamani, arosto ya pombe naijua, ilinitetemesha mpaka kijiko kikanishinda. Hii ni nyingine. Inaanza na miayo. Unapiga miayo mpaka taya linauma, halafu machozi, makamasi, ngozi inasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nyumbani wakasema malaria. Nikapimwa, hakuna. Wakasema basi ni taifodi, maana tumbo lilishafunguka. Dada yangu akaleta uji wa pilipili manga. Usiku miguu inakataa kutulia, unaipiga piga ukutani, unatembea chumbani na mkongojo mpaka jirani anagonga. Na juu ya hayo tramadoli ina kitu cha ziada ambacho hata mateja wa heroini hawakijui, kwa sababu inachezea pia zile kemikali za ubongo zinazoshughulika na furaha na hofu: nilikuwa nahisi shoti za umeme kichwani, na hofu isiyo na sababu. Niliogopa kabati. Kabati nililolitengeneza mwenyewe.

Jirani yule yule wa kwanza, Mungu amsamehe, akaja na chupa ndogo. "Fundi, zimua tu upate usingizi." Hapo najisifu, na nitajisifu mpaka nife: sikuigusa. Nilimrudishia ikiwa na lakiri yake. Nilichofanya ni kuvaa shati nikaenda duka la dawa, nikameza mkupuo wa kufidia siku zote nilizokosa.

Kesho yake nilianguka karakana, hatua moja kutoka kwenye msumeno wa mashine, ukiwa unazunguka. Sikumbuki kitu. Nilipozinduka nimeuma ulimi, suruali imelowa, na vijana wa karakana za jirani wanabishana kama ni kifafa au nimerogwa na mteja wa kabati la Tandika ambalo kweli nilikuwa nimelichelewesha. Aliyezima mashine ni kijana wangu wa kupiga msasa. Akanilaza ubavu, akawafukuza watu, akaniinamia sikioni: "Fundi, hicho si kifafa cha kurithi. Unakula tramadoli ngapi?"

Huyu kijana nilikuwa namkata hela ya kuchelewa. Kila siku anafika jua limeshapanda, na sababu naijua: alikuwa teja wa heroini, sasa anakunywa methadoni, dawa ya kuzuia arosto ya heroini, hospitali ya Temeke, na dawa ile inanywewa kituoni. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Nilikuwa namwita "mtu wa dozi" mbele ya wenzake, nikicheka, na kapsuli ziko mfukoni mwangu. Siku ile hakunicheka. Alinipeleka mwenyewe kliniki ya afya ya akili, akakaa na mimi kwenye benchi.

Daktari aliyenipokea alikuwa binti mdogo, nikasema moyoni huyu atanijulia nini. Aliniuliza kuhusu pombe kabla hata sijakaa vizuri. Akaniambia tramadoli haitakiwi kuzidi miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli nane, na mimi nilikuwa nimeshapita hapo. Ukipita, kuanguka ni jambo la kutegemewa, na kwa mtu mwenye historia ya pombe hatari ni kubwa zaidi. Kuchanganya na pombe au vidonge vya usingizi kunaweza kuzima pumzi ukiwa umelala. Kuacha ghafla hakuna. Tunashuka ngazi, kapsuli moja, tunakaa hapo wiki mbili mwili uzoee, ndipo nyingine. Damu yangu ikachukuliwa kuangalia ini. Kwa maumivu ya paja nikabaki na panadoli, lakini akanikataza kuzidisha vidonge vinne kwa siku, kwa sababu ini la mnywaji wa zamani halivumilii wanachovumilia wengine.

Mpango mzuri, karatasi nzuri. Shida ikawa nani ashike hizo kapsuli.

Mimi ni seremala, nikaona hili ni la kwangu. Nilichagua kipande cha mninga nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mtu maalumu, nikatengeneza kisanduku chenye vyumba vya siku kumi na nne, pembe zinashikana bila msumari hata mmoja, kitasa kidogo cha shaba cha Kariakoo. Nikapiga vanishi mara tatu. Ufunguo nikamkabidhi mama watoto kwa heshima zote. Alilia kwa furaha.

Usiku wa tatu au wa nne nilichukua bisibisi nikafungua bawaba. Kitasa sikukigusa, kilikuwa kimefungwa vizuri kabisa, kifuniko kikanyanyuka kwa nyuma. Nikachukua zangu, nikarudisha skrubu, tena mkato wa kila skrubu nikaulaza pale pale ulipokuwa umelala. Kazi safi. Nilirudi kitandani najiona bingwa wa dunia.

Asubuhi mama watoto akaniuliza nimelalaje. Nikasema salama. Akachukua kisanduku, akakigeuza nyuma, akaniita kwenye mwanga. Mwanamke yule alikuwa amepaka nukta ya wanja kwenye kichwa cha kila skrubu, na sasa nukta zote zimechubuka. Hakusema kitu. Akaenda kuchemsha chai.

Nikatengeneza cha pili, bawaba zimefichwa ndani, ubao wa chini umeingia kwenye mfereji na gundi. Hiki kilikuwa hatari kwa uzuri, na ndio uzuri wake ulionisaidia kwa muda: nilikaa nacho usiku nimeshika patasi, nikashindwa kuipiga mninga ile. Nilikitikisa. Nilikipindua. Nikasikia kapsuli zinakimbia mle ndani. Siku moja uzuri haukutosha tena, nikapitisha msumeno mwembamba kwenye mshono wa chini.

Nilimsimulia kijana wa msasa nikitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, kufuli aliyoitengeneza mwizi si kufuli. Sisi Temeke hatupewi tukaondoka nayo. Unakunywa mbele ya nesi, unaongea asikie mdomo uko mtupu, ndio unaenda."

Ndipo nikamkumbuka shangazi.

Shangazi yangu ana genge Mbagala Rangi Tatu, na ni mtu ambaye hata mgambo wa soko wanamwamkia. Mama watoto anauza vitenge mtaa wa pili. Tulimpelekea kapsuli zote, daktari akakubali utaratibu huo na kumwelekeza kwa simu. Kila asubuhi napanda daladala na mke wangu, nafika gengeni, "shikamoo shangazi." Haitikii kwanza. Ananipa glasi ya maji na kapsuli, namezea hapo hapo kati ya nyanya na nazi, halafu anasema, "Sasa niamkie." Naamkia tena. "Marahaba. Nyanyua ulimi." Mbele za wateja! Mtu mzima, fundi wa watu, nanyanyua ulimi. Za jioni anazifunga kwenye kikaratasi, anampa mama watoto mkononi, mimi sizioni. Nikamwambia shangazi siku moja kwamba nimechoka kudhalilika. Akaniambia, "Ulivyolala mtaroni na gongo yako hukudhalilika, leo nyanya zangu ndio zinakudhalilisha?"

Kushuka kutoka juu kulikuwa rahisi kuliko nilivyoambiwa. Kapsuli za mwanzo zinaondoka hata huzijui. Kazi iko chini, ukibaki na mbili, na ile moja ya mwisho ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Nilirudi kwa daktari nikidhani nimeshindwa, akaniongezea wiki bila maneno. Miguu ya usiku niliituliza kwa maji ya moto na kutembea. Usingizi ulichukua miezi kurudi, na yeyote atakayekwambia utalala baada ya wiki, muulize aliwahi kuacha nini. Jambo moja daktari alilirudia mpaka nikalikariri: mwili ukishaisahau dawa, kipimo chako cha zamani kinaweza kukuua, kwa hiyo ukiteleza usirudi pale ulipoishia. Najua watu wasioambiwa hilo.

Kikundini nilisema ukweli. Palikuwa na ubishi mkubwa kama miezi yangu ya pombe inafutika au inabaki. Waliendelea kubishana nikiwa nimeshatoka nje kununua mahindi ya kuchoma. Pombe sikunywa, hilo najua, na kalenda yangu naiandika mwenyewe. Kijana wa msasa simkati tena hela. Nilihamishia muda wake wa kuingia saa tatu, nikaacha na lile jina.

Juzi juzi nimeng'olewa jino. Nilimwambia daktari wa meno kabla hajashika koleo: mimi ni mraibu, pombe na tramadoli, nipe kingine, na ukiona lazima iwe hiyo, nipe ya siku mbili na cheti mkabidhi mke wangu. Hakushtuka wala hakunitazama vibaya. Aliniandikia za kawaida, zikatosha.

Kazi kubwa iko mbele, kwa sababu chuma bado kiko pajani na daktari wa mifupa anataka kukitoa. Huko lazima watanipa kitu kikali, na nimekataa ushujaa wa kukikataa. Nimeomba barua kutoka kwa yule binti wa kliniki iende kwa mpasuaji, imeandikwa kiasi gani, siku ngapi, na nani anashika. Shangazi tayari ameshaambiwa. Ameuliza swali moja tu, kama siku nitakazokuwa sijaweza kutembea nauli ya yeye kuja Keko ataitoa nani.