Kabla hujalipa ada, angalia na kozi

Leo mchana mama mmoja jirani kaja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Mkononi ana kipeperushi cha chuo cha afya, picha za maabara zinang'aa. Hela ya fomu kaifunga kwenye pindo la khanga.

Tukafungua pamoja tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya cheti na diploma.
Chuo kipo, kimesajiliwa.
Kozi ya famasia anayoitaka binti haimo.

Mama akalishika lile fundo la khanga kwa nguvu, hakusema kitu. Binti ndiye aliyeuliza: "Sasa anti, ningesoma miaka yote mitatu halafu?"

Swali hilo limenikaa kifuani hadi sasa hivi.

Wazazi wenzangu, chuo kusajiliwa ni jambo moja, kozi kutambuliwa ni jingine. Cheti na diploma, angalieni NACTVET. Digrii, angalieni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kitabu chao cha mwongozo kinapatikana mtandaoni. Halafu tafuteni wanaosoma pale sasa, muwaulize mafunzo ya vitendo wanafanyia hospitali gani. Kipeperushi hakisemi hilo.

Binti tumemtafutia vyuo vingine vya kuomba, kimoja cha serikali.

Mliosoma famasia, mngemshauri aende wapi? Andikeni hapa, nitamsomea majibu yenu jioni hii.