Nilivyompa Fumo Liyongo namba zake

Swali lilitoka kwa mdogo wangu, Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imetukusanya sote sebuleni kulizunguka jiko la mkaa. Alikuwa ametoka kusoma shuleni habari za Liyongo, shujaa wa hadithi za kale za pwani. Akaniuliza, "Kaka, kwenye mchezo wetu Liyongo angekuwa na Nguvu ngapi?"

Nikamjibu haraka, "Ishirini." Kisha nikatumia miezi miwili kugundua kwamba hiyo namba peke yake haikuwa jibu.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, ule ulioanzishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa asiyeujua: mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu anamchukua mhusika wake na kusema anafanya nini. Palipo na mashaka kama jambo litafanikiwa, dadu ya pande 20 inaamua. Mhusika ana karatasi yake, na juu ya karatasi hiyo kuna namba 6. Mimi nazitaja kwa Kiswahili: Nguvu, Wepesi, Ukakamavu, Akili, Busara na Haiba. Mtu wa kawaida ana 10. Binadamu anayechezwa na mchezaji hupandishwa mwisho 20, na kila namba 2 zinazozidi 10 zinampa nyongeza ya 1 kwenye dadu. Mwenye Nguvu 20 anaongeza 5.

Dadu za pande 20 sikuzipata Mwanjelwa nzima. Tulichofanya ni kukusanya vizibo 20 vya soda, tukaviandika 1 hadi 20 kwa maka pen, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kuangalia, unasoma, unakirudisha. Ni lazima ukirudishe, la sivyo hesabu inaharibika na anayekufuata anachota kwenye bahati iliyopunguzwa. Karatasi nachapa mwenyewe kwa sababu nafanya kazi steshenari, na kanuni za msingi tangu 2023 ziko huru kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo nilizitafsiri nilizozihitaji bila kumwibia mtu.

Mezani tuko watano: mimi msimuliaji, mdogo wangu, binamu yangu, dereva mmoja wa bajaji anayepaki Kabwe, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ambaye utenzi wa Liyongo, ule ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anaujua beti kwa beti. Mama hachezi. Anakaa pembeni akichambua maharage na kusikiliza.

Liyongo wa kwanza nilimtengeneza kwa mapenzi tu. Kila namba 20, ngazi ya 20 ambayo ndiyo ya mwisho, silaha hazimdhuru. Tulipomjaribu, dereva wa bajaji aliyeshika upande wa askari wa mfalme wa Pate, kule pwani ya Kenya, alipoteza watu wake wote kabla chai haijapoa. Akaweka kalamu chini. "Sasa huyu mtu mfalme alimfungaje?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi. Nilikuwa nimeandika sifa za Liyongo, na sikuwa nimeandika hadithi yake. Katika hadithi alifungwa. Alikaa gerezani, chakula alicholetewa na kijakazi Saada kikiliwa na walinzi, na hakutoka mpaka mama yake alipomwokea mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Kama namba zangu zinamruhusu avunje mnyororo kwa mikono, basi tupa haina kazi, mkate hauna kazi, Saada hana kazi, na mama hana kazi. Nimewafuta watu wawili kwa sababu nimempenda mmoja kupita kiasi.

Nikafungua kanuni nione mnyororo unasemaje. Mnyororo wa kawaida unakatika ukifikisha 20 kwa Nguvu. Mwenye nyongeza ya 5 anahitaji kizibo cha 15 kwenda juu, yaani vizibo 6 kati ya 20. Kwa jaribio moja hiyo ni asilimia 30. Lakini mfungwa ana usiku mzima. Akijaribu mara 10 tu, uwezekano wa kufanikiwa walau mara moja unapita asilimia 97. Kwa hesabu hiyo Liyongo angekuwa nje kabla ya alfajiri.

Njia zilikuwa mbili, nimpunguze Liyongo au niuongeze mnyororo. Mwalimu alikataa katakata la kwanza. Alisema, "Usimpunguze. Mfalme alijua anamfunga nani." Nami nilikubaliana naye, maana aliyemwogopa mtu kiasi kile hawezi kumfunga kwa mnyororo wa mbuzi. Mnyororo wa Pate nikauandikia 30. Liyongo akipata kizibo cha 20 na kuongeza 5 ni 25, haufiki. Hapo tupa ikapata kazi yake.

Ila kabla ya kuendelea na tupa, mdogo wangu alikumbusha mkoba. Liyongo alipoitwa Pate kuonyeshwa kwa Wagala, majirani wa bara, alifika na mkoba, akautua, na ndani yake mkatoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Je, Nguvu 20 inatosha kubeba hayo? Badala ya kubishana tulipima. Jirani muuza viazi alituazima mizani yake. Kinu cha Mama pamoja na mchi vilikuja kilo 21, jiwe la kusagia la marehemu bibi kilo 19, vyungu na mafiga matatu kilo 18. Jumla kilo 58, kama ratili 128, maana kanuni zinahesabu kwa ratili.

Matokeo yalinishangaza. Kwa kanuni ya kawaida unabeba Nguvu mara 15, kwa hiyo hata mtu wa Nguvu 10 anaweza ratili 150. Kinu, jiwe, vyungu, mafiga, vyote ndani. Lakini yeyote aliyewahi kupandisha gunia la viazi kutoka shambani mpaka barabarani, huku kwetu kwenye milima, anajua kwamba kunyanyua si kusafiri. Ipo kanuni ya hiari iliyo kali zaidi: ukizidisha Nguvu mara 5, unaanza kuwa mzito na mwendo unapungua. Kwa Nguvu 20 kikomo hicho ni ratili 100. Mkoba wa Liyongo unazidi. Ili aubebe bila kulemewa angehitaji Nguvu 26, ambayo ni ya majitu. Jitu la moto lina 25, jitu la mawingu 27.

Nilikaa na hiyo 26 wiki nzima na haikunitulia moyoni. Liyongo ni mrefu, ana nguvu za kutisha, lakini aliimba na watu, alicheza ngoma ya gungu na watu, alioa, alizaa. Si jitu. Suluhisho nililikuta kwenye sifa wanayopewa baadhi ya watu wenye miili mikubwa, kwamba kwenye kubeba tu wanahesabiwa saizi moja juu, na uwezo wao unazidishwa mara 2. Nguvu ikabaki 20, kikomo kikawa ratili 200, na kinu cha Mama kikaingia na nafasi ikabaki. Nilifurahi sana siku hiyo. Namba ya binadamu, mzigo wa Liyongo.

Wepesi nilimpa 18 bila mjadala, kwa ajili ya mti wa mkoma. Walipopanga kumpiga mishale akiwa juu ya mti, yeye hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Ukakamavu 20. Akili 14.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni kazi yake. Mchezo unataka useme mhusika ni nani: mpiganaji, mchawi, mwizi, na kadhalika. Kila mtu mezani alisema mpiganaji. Mimi pia. Mwalimu akauliza Liyongo alitoka gerezani kwa kutumia kitu gani, na wote tukasema kwa tupa. "Na tupa ilifikaje?" Kwa wimbo. Alimwimbia Saada ujumbe wa kumpelekea mama, walinzi wakiwa hapo hapo wanasikia na hawaelewi. Na alipoanza kukata, kilichofunika sauti ya tupa ni ngoma ya gungu, ambayo mwenyewe alikuwa akiwaimbisha watu. Pwani mpaka leo kuna tungo zinazohesabiwa kuwa zake. Sisi wa bara tumezoea kumkumbuka misuli tu, na nadhani tunamdhulumu.

Kwa hiyo aliyeandikwa mwisho ni mpiganaji ngazi 7 na mshairi ngazi 3, jumla ngazi 10. Kwenye mchezo mshairi ni kazi kamili, ina uwezo wake, na msingi wake ni Haiba. Haiba nikampa 20. Pointi za uhai zikaja 111, nyingi, lakini si za kumfanya asiguswe.

Usiku wa gungu nikautengenezea kanuni yake. Kila wimbo unaoisha bila walinzi kushtuka unaupunguza mnyororo kwa 2. Nyimbo 3, umeshuka hadi 24, anaweza kujaribu kwa bahati kubwa. Nyimbo 5, umeshuka hadi 20, ana nafasi nzuri. Walinzi nao wana haki ya kusikiliza, lakini kwa vile makofi na matari yanavuma wanachomoa vizibo 2 na kuhesabiwa kilicho kidogo. Tulipoucheza, dereva wa bajaji ndiye aliyekuwa mlinzi, na mdogo wangu ndiye Liyongo. Wimbo wa nne mlinzi alichomoa 17 na 18. Chumba kizima kilinyamaza. Alikuwa amesikia. Mdogo wangu hakungoja, akajaribu kuukata mnyororo ukiwa bado na 24, akachomoa 19. Sijawahi kusikia kelele kama zile nyumbani kwetu.

Binamu yangu, ambaye mume wake ni Mhehe wa Iringa, aliomba baada ya hapo tumtengeneze Mkwawa. Nilikataa. Mkwawa ana kaburi, ana ukoo, na fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Hatuwezi kumpa mtu huyo pointi za uhai na kuchomoa vizibo kuona kama atakufa. Alinielewa. Liyongo watu wamemsimulia na kumtilia maajabu vizazi vingi mpaka amekuwa wa kila msimuliaji, na ndiyo maana ninathubutu.

Maajabu yenyewe yamo kwenye sindano ya shaba. Mwanzoni niliandika kwamba silaha nyingine hazimdhuru kabisa, na hiyo ilirudisha ubaya ule ule wa Liyongo wa kwanza. Nikabadilisha: anaumia kama watu, anaweza kuangushwa, anaweza kupoteza pointi zote 111 na kuzimia, ila hafi. Anaamka. Kinachomuua ni shaba, kitovuni, akiwa amelala. Kanuni inakubali vizuri sehemu hiyo, maana anayempiga aliyelala kwa karibu anapata nafasi 2 za kulenga, na pigo likifika linahesabiwa kuwa la hatari.

Ikabaki Busara. Mdogo wangu alitaka 8, kwa hoja kwamba mwenye busara hamwambii mtu siri ya kifo chake. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba Liyongo aliunusa mtego wa mkoma kabla ya yeyote, na siri hakumwambia mtu, alimwambia mwanawe. Tukampa 16. Na kwenye karatasi kuna nafasi ya kuandika kile ambacho mhusika amefungamana nacho, tukaandika maneno mawili: mama, mwana. Kisha nikaongeza kanuni moja chini yake, kwamba Liyongo hachomoi kizibo kupima ukweli wa neno la mwanawe. Analiamini.

Kisima tulikicheza usiku wa mwisho wa Agosti. Mnajua ilivyokuwa: amechomwa sindano na mwanawe, akaamka, akachukua upinde na mshale, akaenda kisimani akapiga goti, mshale ukiwa tayari kwenye uta, akafa hivyo hivyo. Watu wakadhani yu hai, siku zikapita mji hauna maji. Nilichoandika ni kwamba yeyote anayetaka kukaribia lazima ashinde hofu kwa Busara yake, afikishe 17: msingi 8, nyongeza ya ngazi ya Liyongo 4, nyongeza ya Haiba yake 5. Wachezaji walikuwa watu wa mji, wengi wao Busara 10, bila nyongeza yoyote. Wakachomoa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sita, kumi na moja, mbili, kumi na sita. Ndoo zao zikabaki tupu.

Ikafika zamu ya mama yake Liyongo kwenda kumsihi, na hakuna aliyetaka kumcheza. Binamu yangu akageuka akamwambia Mama, "Shangazi, hebu tusaidie wewe." Nikamsogezea kopo la vizibo na kumweleza kwamba anahitaji 17.

Mama alikuwa na maharage mapajani. Aliliangalia kopo, hakulishika.

"Nichomoe cha nini?" akasema. "Mtu akienda kwa mwanawe anacheza bahati nasibu?"

Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya Liyongo, chini ya kanuni ya kisima: mama yake anapita.

"Haya, Mama," nikasema. "Umefika. Unamwambia nini?"