Nilianza na usukani, hapo ndo nlipokosea

Tanga bana, ukiona mtu hana baiskeli ujue kaiazimisha. Mi nlikuwa nalo Phoenix la marehemu babu, limekaa banda la kuku miaka na miaka, madigadi yameshika kutu, cheni imekauka kama kamba ya katani, na mwaka jana nikasema potelea mbali, nalifufua. Tatizo kabla sijagusa hata nati moja nikawa nimeshaangalia picha za baiskeli za kizamani za Wajapani na Waingereza usiku kucha kwenye simu, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za beberu, kabegi ka turubai kananing'inia nyuma ya siti, weee. Nikatekwa.

Basi nikaenda kwa jamaa anayeuza spea za baiskeli za mtumba toka Japani, nikanunua mapembe yangu, na mikono ya breki nikanunua kwa mtu mwingine, ya baiskeli ya mlimani maana ilikuwa bei poa. Nikabeba kila kitu mpaka kwa fundi wetu Ngamiani, mzee kaanza kuziba pancha kabla baba yangu hajaoa.

Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, hiyo pembe unaitia wapi?

Akanikalisha kwenye dumu akanionesha kitu ambacho nimepanda baiskeli toka mtoto na sijawahi kukiona kwa akili. Kwenye Phoenix, na Avon, na Hero, na Raleigh za zamani, zote hizi za familia moja, breki haina waya, ina fito, na mikono yake imeshikwa na usukani wenyewe, fito zinashuka mpaka kwenye raba, na zile raba hazibani rimu pembeni, zinavutwa juu zinakwenda kugusa rimu kwa ndani, upande wa spoku. Kwa hiyo ukiung'oa usukani umeng'oa na breki. Sawa nikamwambia mzee si tutaweka za waya tu? Akacheka. Akachukua kidole changu akakipitisha pembeni ya rimu, pameviringika, hapana ukuta ulionyooka wa raba kubana. Maana yake utake rimu mpya, rimu mpya inataka gurudumu lisukwe upya na spoku, kushtuka umenunua baiskeli nyingine kwa sababu ya usukani.

Na bado, ile mikono ya breki niliyonunua haikuingia. Usukani wa kawaida pale unaposhika ni milimita 22.2, mapembe ni milimita 23.8. Tofauti ni milimita moja na kitu lakini chuma hakijui "karibu sawa". Kwa hiyo wewe unayetaka mapembe kwenye baiskeli yako tafuta mikono ya mapembe, sio ya mlimani, na chukua rula ya fundi ukapime kabla hujatoa hela. Mi nlitoa kwanza.

Ila lililoniuma zaidi ni swali lake la pili. "Na nani kakwambia fremu hii yako?"

Babu alikuwa mrefu. Fremu ni inchi 24, yaani toka pale pedeli zinapozungukia mpaka juu ya bomba la siti, hivyo ndo fremu za kizamani zinavyopimwa (za kisasa bomba lake la juu limeinama, usilinganishe namba, utajidanganya). Akanitoa viatu, akanisimamisha ukutani, akanibania kitabu katikati ya miguu juu kabisa kama unakaa kwenye siti, akaweka alama, sentimita 82. Halafu tukapima bomba la juu la baiskeli toka chini, sentimita 86. Hesabu fanya mwenyewe. Na viatu unapata kama sentimita 2 hivi, bado bomba linakushinda, na ukisimama ghafla pale taa za barabarani utajua wapi linakugusa, sitaki kueleza.

Kuna hesabu ya wazee wa baiskeli, unachukua ule urefu wa mguu kwa ndani unazidisha kwa 0.65 hadi 0.67, mi napata sentimita 53 mpaka 55, hapo inchi 21 kwenda 21 na nusu. Fundi yeye hana kalkuleta, ana ngumi. Anasema ukishapandisha siti mpaka mguu unanyooka vizuri, ile nguzo inayochungulia kati ya siti na fremu iwe ngumi moja, ikipungua sana fremu kubwa, ikizidi sana fremu ndogo. Na mi nakubaliana naye, sababu vijana wengi naona wanafanya kinyume, wanachukua kafremu kadogo wanapandisha siti mpaka mwisho, usukani unabaki chini huko, anaendesha kainama kama anatafuta shilingi iliyodondoka halafu analalamika mgongo.

Phoenix la babu akachukua mjomba, ndo mrefu pekee aliyebaki kwenye ukoo. Nlisikitika siwezi kudanganya. Ila siti na kengele nikavifungua nikavihamishia kwenye inchi 22 niliyopata kwa mtu wa Pongwe, na sijutii, siku ya kwanza tu nimekaa nikajisikia nimekaa kwenye baiskeli, sijaning'inia.

Usukani nikaacha ule ule wa fito. Unarudi nyuma kuelekea kwako, viganja vinatazamana, mgongo wima, unaona kila mtu na kila mtu anakuona, salamu zinaenda vizuri. Ubaya wake ni upepo. Kusi ikiwa inavuma na wewe unakwenda nayo uso kwa uso toka Raskazone, kifua kinakuwa tanga la jahazi. Wenye breki za waya wana bahati, usukani wa namna hii kwao unageuzwa juu chini, mikono inashuka, upepo unapita juu, ukichoka unaurudisha. Mwenye fito vumilia tu.

Sasa begi, na hapa ndo nikagundua vitu vyote hivi ni kitu kimoja. Lile begi la kwenye picha ni mtindo wa Waingereza, kampuni ya Carradice ya mji wa Nelson kule kwao wanayashona toka 1932, turubai la pamba nzito ambalo likilowa nyuzi zinavimba na kuziba matundu, linafungwa kwa mikanda kwenye vitanzi vilivyo nyuma ya siti za ngozi kama za Brooks. Kuagiza sikuthubutu. Nikampa fundi anayeshona maturubai ya malori kipande kilichobaki, akanishonea zuri kweli, na kwa kiherehere changu nikalijaribu kwanza kwenye la mjomba wakati mi ndo nimekaa, siti imeshushwa mpaka chini. Likasuguana na keria na tairi mwanzo mwisho. Kumbe begi la siti linadai nafasi kati ya siti na tairi, na nafasi hiyo inatoka kwenye ile ngumi! Fremu ikikuzidi huna ngumi, na begi huna.

Kwenye 22 linakaa, ila kwa ukweli nalitumia siku za kazi tu, chakula cha mchana na koti la mvua. Sokoni naenda na mifuko miwili ya pembeni ya keria. Baiskeli hizi nyuma ni ndefu hivyo kisigino hakigongi mfuko, jaribu hiyo kwenye baiskeli fupi za kisasa uone. Nazi gawa sawa kwa sawa kulia na kushoto la sivyo inakuvuta mtaroni, halafu funga na mpira wa tyubu kuukuu, hakuna kamba ya dukani inayoufikia. Kikapu cha mbele nilikiweka wiki mbili nikatoa, kikijaa usukani unakuwa mzito, ukiiegesha gurudumu la mbele linageuka lenyewe na nyanya chini. Mke wangu anacho kwenye baiskeli yake ya Kijapani na hataki kusikia, lakini ya kwake gurudumu ni inchi 26 na kikapu kiko chini zaidi, na habebi nazi, nazi nabeba mimi.

Yale mapembe yapo bandani. Nimeyatundika ukutani nikisubiri mnunuzi, na mtetea mmoja kashayafanya kitanda.