Anasoma chati yote, lakini mstari unampotea

Mtoto amepimwa macho, kasoma chati hadi chini, karudi na jibu la 6/6, yaani anaona mbali kama kawaida. Darasani bado anaruka mistari, anaacha maneno nusu na safu za hesabu zinamkimbia. Ataitwa mvivu, na mara nyingi ataonewa. Chati ile inapima kuona kwa mbali, herufi chache zilizopangwa kwa nafasi. Haisemi kama macho mawili yanashirikiana kwa karibu, wala kama ubongo unaweza kulichomoa neno moja kwenye ukurasa uliosongamana.

Kipimo hicho kisirukwe, maana makengeza na jicho vivu (jicho ambalo ubongo haulitumii ipasavyo) hutibika vizuri zaidi mapema. Ila mwambie daktari apime pia kuona kwa karibu na jinsi macho yanavyofanya kazi pamoja. Nyumbani shika kalamu sentimita 40 mbele ya pua ya mtoto, isogeze polepole kuelekea pua, naye aseme ikionekana mbili. Usimtegemee mdomo tu: wapo wasioona mbili kwa sababu ubongo huzima picha ya jicho moja, kwa hiyo angalia jicho linalotoroka kwenda nje. Wengi huiona kalamu ikiwa moja hadi sentimita 10 au karibu zaidi. Ikigawanyika mbali ya hapo kila ukirudia, mweleze daktari. Mwambie pia kama mtoto hufunika jicho moja akisoma au huumwa kichwa baada ya kusoma.

Halafu mtazame akinakili kutoka ubaoni. Hesabu herufi anazobeba kila akiinua kichwa. Anayebeba moja moja hupotea njiani, kwa sababu kila safari lazima atafute upya alipoishia, ubaoni na kwenye daftari. Sasa mpe maandishi yaleyale kwenye karatasi iliyo kando ya daftari. Akiyanakili vizuri, shida iko kwenye kuhamisha macho kutoka mbali kuja karibu au kutafuta mahali. Akikosea vilevile, muulize kwa mdomo yameandikwa nini: akitaja sawa lakini akaandika vibaya, chunguza mkono kabla ya macho. (Kugeuza b na d kabla ya miaka 7 ni kawaida, usilikimbilie hilo.)

Kwa anayepoteza mstari, kata kidirisha. Chukua manila nyeusi isiyong'aa, sentimita 20 kwa 6, ukate katikati tundu la urefu wa mstari wa kitabu chake. Kimo cha tundu ndipo wengi wanapoharibu: wanakata kulingana na mwili wa herufi, mikia ya g, p na y inafichika, na mtoto anasoma vibaya kuliko mwanzo. Acha milimita 2 juu na 2 chini. Manila inayong'aa nayo inarudisha mwanga machoni. Mstari mmoja ukizoeleka, panua tundu liwe la mistari miwili, kisha mitatu, kisha aache. Hesabu ni rahisi zaidi: daftari la miraba, tarakimu moja kwa mraba mmoja, na karatasi iliyojaa maswali ikunjwe aone nusu tu.

Watu wengi husahau kiti. Miguu ikining'inia, mwili unatumia nguvu kujishikilia, na macho hulipa gharama hiyo. Nyayo zikanyage sakafu au kibao, meza ifike usawa wa kiwiko, kitabu kiinuliwe kwa mshazari. Sikio la ndani ndilo linalotuliza macho kichwa kikitikisika, ndiyo maana si ajabu mtoto mwenye shida ya mizani ya mwili akahangaika pia kusoma. Taa inayopepesa au kelele za viti zikimchosha, atakuwa amechoka kabla hajafika kwenye herufi. Mhamishe kwanza, ndipo umpime.

Kuhusu miwani ya rangi, inayodaiwa kusaidia kusoma: mwaka 2009 American Academy of Pediatrics (chama cha madaktari wa watoto) na madaktari wa macho wa Marekani walisema ushahidi hauonyeshi kwamba inasaidia masomo kwa muda mrefu. Mazoezi ya macho yasiyoweza kukusanyika kwa karibu, lile tatizo la kalamu kugawanyika, ni jambo jingine, nayo hutolewa baada ya vipimo. Pesa ya miwani ya rangi ingefaa zaidi kumlipia mtaalamu wa tiba kazi (anayesaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, kama kuandika), ukimpelekea daftari lenye makosa yenyewe, bila kufutwa.