Nilivyorekodi isukuti ya kwetu kwa simu

Video yangu ya kwanza ya isukuti, ngoma ya kuimba na kucheza ya kwetu magharibi mwa Kenya, niliichukua kwenye harusi ya binamu yangu huko Shinyalu, nimesimama hatua mbili tu kutoka kwa wapigaji. Picha ilitoka safi. Sauti ilikuwa mkwaruzo mtupu: ngoma kubwa imemeza kila kitu, pembe ya swara haisikiki, maneno ya soloisti, yule anayeongoza wimbo, hayapo.

Iliniuma sana. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, nami niliyezaliwa humo nilikuwa najua kuicheza tu, sijui ninachokiitikia.

Nikaenda kwa Guga, yaani babu yangu, ambaye ujanani alikuwa mpigaji. Safari hii nilitumia simu mbili. Moja niliitega mbali, kama hatua kumi na tano, maikrofoni yake nimeivika soksi nyembamba kuzuia upepo. Nyingine nikaiweka kwenye kigoda karibu na soloisti. Vijana wakaanika ngoma juani kwanza ili ngozi ikaze. Niliposikiliza usiku, nilizitofautisha ngoma zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikijibizana.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kesho yake, mimi na Guga mbele ya laptopu. "Simamisha hapo," ananiambia, kisha anaeleza mstari mmoja kwa nusu saa: ni nani anayesifiwa, alioa wapi, kwa nini watu wamecheka. Nilijaza daftari zima. Maneno nikayaandika kwa Kiisukha, chini yake Kiswahili, nikayaweka kama manukuu YouTube. Jamaa walioko Nairobi niliwatumia faili kwa WhatsApp kama dokumenti, maana ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na sauti inaharibika.

Nilikuwa pia na video ya matanga ya ndugu yake Guga, nzuri kuliko zote. Akaitazama hadi mwisho, kimya.

"Mjukuu wangu, humu kuna watu wanalia. Uliwauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwaonyesha. Wengi walikubali, mjane akakataa. Video hiyo haikupanda mtandaoni; iko kwenye flashi, na flashi iko kabatini kwa mjane mwenyewe.