Kikohozi kinachoamka nikitembea

Nikikaa, kifua changu ni kizima. Nikianza kupandisha kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, kabla sijafika nusu ya mlima koo linaanza kuwasha, kisha kinakuja kikohozi kikavu cha mfululizo. Hakina makohozi, hakina homa. Nikisimama ghafla ndiyo kinazidi, na zile dakika za mwanzo baada ya kusimama ni mbaya kuliko mlima wenyewe. Halafu kinalegea taratibu, na baada ya nusu saa au saa nzima ni kama hakikuwepo. Kufagia uwanja kunakiamsha. Kulima kunakiamsha. Hata kucheka sana.

Najua si mimi peke yangu. Mafinga, Njombe na Mbeya nimekutana na watu wanaokohoa hivihivi na wameshaambiwa hawana kitu. Nawaandikia wao.

Kitu cha kwanza kilikuwa TB, na naomba hapa mtu asiruke. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapime makohozi, hata kama una hakika kwamba ni mlima au ni vumbi. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa za TB ni bure. Mimi sikuwa natoa makohozi kirahisi, kwa hiyo nesi alinielekeza nivute pumzi ndefu mara kadhaa na kukohoa kutoka chini kabisa ya kifua, si kutema mate ya mdomoni. Majibu yalikuja safi, picha ya kifua nayo safi, na VVU nilipima siku hiyohiyo. Faida ya karatasi ile haikuwa kwangu tu. Mama mkwe alikuwa ameshaniuliza, kwa upole wake, kama watoto wahamie kulala kwake. Kwenye kwaya akina dada walikuwa wananiachia nafasi pembeni yangu, na sikuwalaumu. Nilimsomea mama mkwe majibu neno kwa neno, akasema, "Sasa mwanangu tutafute kingine."

Kukitafuta hicho kingine ndiko kulikochukua muda. Kila nilikokwenda nilipimwa nikiwa nimeketi kwenye kiti, baada ya kusubiri foleni kwa saa nyingi. Kifaa cha kusikilizia kifua kinawekwa mgongoni, navuta, natoa, naambiwa kifua kipo vizuri. Kweli kilikuwa vizuri, maana nilikuwa nimepumzika asubuhi nzima! Duka moja la dawa likanipa viuavijasumu, jingine sirapu, na nyumbani tangawizi na asali havikukoma. Asali ilituliza koo usiku. Viuavijasumu havikufanya lolote, na sioni kwa nini vingefanya kwa mtu asiye na homa wala makohozi.

Mambo yalibadilika kwa tabibu mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka. "Twende nje, mama." Kwanza alinipa kile kifaa kidogo cha plastiki cha kupuliza chenye mshale, kinachopima nguvu ya pumzi, nikapuliza kwa nguvu, akaandika namba. Kisha akaniambia nitembee haraka kwenye mteremko wa pale nje, kupanda na kushuka, mpaka kikohozi kikaja. Nikapuliza tena, na tena baada ya dakika chache. Namba ilishuka, lakini si kwa kiasi cha kumfanya aandike "pumu" bila wasiwasi. Aliniuliza mengine ambayo sikuwahi kuulizwa: nina kiungulia? Kamasi zinashukia kooni? Napikia kuni? Natumia dawa za presha? Swali hilo la mwisho lilinigusa, kwa sababu mama yangu mkubwa kule Tukuyu alikohoa muda mrefu akitumia kaptopri, alipobadilishiwa dawa kikohozi kikaisha polepole. Dawa za kundi hilo, pamoja na enalapri, zinajulikana kwa kikohozi kikavu. Usiziache mwenyewe lakini, mwambie anayekuandikia.

Mwisho wa maswali alisema jina la ugonjwa wangu halijui bado. Inawezekana ni mirija ya hewa inayobana mtu anapojishughulisha, inawezekana ni neva za koo zilizo nyepesi kushtuka kupita kiasi. Akasema tunaweza kukitawala hata kabla hakijapata jina. Nilitoka pale nimepumua, nasema kweli. Kuambiwa "sijui bado, tuendelee" ni tofauti sana na kuambiwa "huna kitu".

Alinishauri niweke daftari, na hili ndilo ningemsihi kila mwenye hali hii alifanye. Usiandike umekohoa mara ngapi. Andika ulikuwa unafanya nini, saa ngapi, hewa ikoje, ulikuwa umekula nini, na ulipoacha uliacha vipi. Kwangu kurasa zilianza kuongea zenyewe. Mlima uleule wa Ipogolo wakati wa mvua, mwezi Januari, nilipanda bila shida kubwa. Mwezi Julai, asubuhi ya kipupwe, haunivumilii. Basi kazi yenyewe haikuwa tatizo. Pua hupasha hewa moto na kuilainisha kabla haijafika kifuani. Mtu akihema kwa mdomo, hewa baridi na kavu ya nyanda za juu inaingia ilivyo, inaikausha mirija, na mirija inakasirika. Daftari lilionyesha pia kwamba kuinama kufagia baada ya kula kunanikohoza hata siku ya joto. Hapo ilikuwa asidi ya tumboni inayopanda kooni.

Kwa hiyo sasa natoka nyumbani mapema na kuanza polepole sana. Kabla ya mlima nimeshatembea tambarare kiasi cha robo saa. Kipupwe kikiingia nafunika pua na mdomo kwa khanga au skafu nyepesi, na napanda kwa mwendo ambao bado naweza kufunga mdomo nikapumua kwa pua. Nikishindwa kufunga mdomo, napunguza. Kusimama ghafla nimeacha kabisa: nikifika juu naendelea kutembea taratibu mpaka pumzi itulie ndipo nikae. Koo likianza kuwasha nameza mate, nafunga mdomo, navuta pumzi fupifupi kwa pua, nakunywa maji ya vuguvugu ninayobeba. Mara nyingi kikohozi kinapita bila kutoka. Kufagia ni kabla ya chai, na vumbi nalinyunyizia maji kwanza. Chakula cha jioni nakula mapema. Jiko la kuni tumelitoa ndani.

Nilipewa pampu ya salbutamo, dawa ya kufungua mirija ya hewa, navuta kama dakika kumi na tano kabla ya kazi nzito. Nesi alinifundisha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, pampu ikae pale kwa kubana, mdomo wangu ukae upande wa shingo ya chupa, ili dawa ifike kifuani isiishie kwenye ulimi. Ilipoonekana naihitaji mara kwa mara niliongezewa beklometasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, ya kuvuta asubuhi na jioni, na kila nikimaliza nasukutua mdomo. Imesaidia, haijamaliza.

Akina mama wenzangu, lipo jambo hatulisemi: kikohozi kikali kinachuruzisha mkojo. Mimi nilikuwa nakwepa safari kwa ajili hiyo. Kukaza misuli ya chini, ile ya kuzuia mkojo, kabla kikohozi hakijatoka, na kuifanyia mazoezi kila siku, kumenirudisha kwenye kwaya.

Nisingemshauri mtu akae na daftari kama anakohoa damu, anapungua uzito, anatoka jasho usiku, anavimba miguu, anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au kifua kinamuuma akipanda mlima. Huyo aende hospitali leo.

Kliniki yangu ijayo nimeomba iwe Julai, asubuhi na mapema, nipulize kile kifaa baridi ikiwa bado kali na mlima nimetoka kuupanda. Tabibu amekubali.