Kioo cha Tempa

Mwezi Machi 2008, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na kusubiri matokeo, nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu katika karakana yake ya vioo na madirisha ya aluminiamu mjini Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Nilijiona nimeiva. Nilijua kuchovya almasi ya kukatia katika mafuta ya taa, kupitisha mstari mmoja bila kuurudia, na kugonga taratibu upande wa chini hadi vipande viachane kwa mlio ule mdogo ninaoupenda mpaka leo. Watu husema fundi anakata kioo, lakini kwa kweli anakitia jeraha tu, kisha anakiacha kipasuke pale anapotaka yeye.

Siku hiyo mama mmoja mwenye mgahawa alileta kioo cha milimita 10 kilichong'olewa kwenye mlango wa duka, akitaka kipunguzwe upana kiwe cha meza. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kupima madirisha ya mteja. Pembeni mwa kioo kulikuwa na muhuri mdogo, niliuona, nikaupuuza. Mstari wa kwanza haukushika, nikaurudia kwa nguvu, jambo ambalo mjomba alikuwa amenikataza mara nyingi, kisha nikagonga ukingo kwa nyundo. Kioo chote kililipuka kwa kishindo, kikawa punje maelfu zilizojaa mezani, sakafuni na ndani ya viatu vyangu.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kioo chake cha dirisha aliinuka, akaokota punje chache na kuziviringisha kiganjani bila kujikata.

"Mwanangu, hiki kilikuwa cha tempa," alisema. "Hakikatwi tena kikishapikwa. Muhuri ule wa pembeni ndio uliokuwa unakuonya."

Kumbe alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la kiwanda cha chupa Dar es Salaam. Alinieleza kwamba kioo cha namna hiyo hukatwa na kutobolewa kwanza, ndipo kikapashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi na kupulizwa hewa baridi ya ghafla pande zote mbili. Ngozi yake huganda mapema. Kiini, kinapopoa baadaye, hutaka kusinyaa lakini kimeshikwa, hivyo ngozi hubaki imebanwa, huku kiini kikivutwa. Nyundo yangu ilipolifikisha jeraha kwenye kiini, nguvu yote iliyofungiwa humo ikafunguka kwa mkupuo mmoja.

Nilimuuliza mambo hayo husomewa wapi, maana mimi nilikuwa nimekusudia uhandisi wa ujenzi. Hakunitajia chuo cha vioo. Alisema niombe uhandisi wa kemikali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nisiidharau fizikia ya joto, na likizo nibishe hodi kwenye viwanda vyenye tanuri, hata kama kazi nitakayopewa ni ya kupima mchanga. Nikitaka kubobea, akaongeza, kuna Sheffield huko Uingereza, ambako idara ya teknolojia ya vioo ilianzishwa mwaka 1915. Kisha akaniuliza kama mama yangu hupika maharage kwa magadi. Nikamjibu ndiyo. Akasema mchanga mtupu hauyeyuki mpaka upite nyuzi 1,700, lakini ukichanganywa na soda, ambayo hutokana na magadi kama hayo yaliyokauka kandokando ya Ziwa Natron, hukubali kuyeyuka mapema zaidi; chokaa huongezwa ili kioo kisiliwe na maji. Nilikuwa nimekariri maneno hayo yote darasani, ila hakuna aliyewahi kuniunganishia na sufuria ya nyumbani.

Mjomba aliporudi alitazama sakafu, akanitazama mimi, akamwomba yule mama radhi na kumwahidi kioo kingine. Mimi nilikatwa posho ya wiki tatu, na nadhani alinihurumia. Jioni nilifagia punje zile, nikajaza kopo moja la maziwa, na kabla ya kulala nikafuta neno "ujenzi" kwenye fomu ya kuomba chuo.